Mafuta ya Kondoo Kwenye Magneto

Wako wazee wenzangu wanaoikumbuka mashine ya kwanza ya kusaga kwa mapenzi, utadhani iliwanyonyesha. Wakikaa kwenye pombe ya mtama wanasimulia ilivyounguruma siku ya kwanza, hata ng'ombe wakakata kamba. Mimi nikiikumbuka nasikia kichefuchefu. Na nasema hivyo mimi niliyeiendesha miaka minne, enzi za Mwingereza, baada ya vita vya pili kwisha. Naijua kuliko wao. Ilinuka petroli, unga wa uwele uliochacha, na mafuta ya mkia wa kondoo yaliyooza humo ndani mpaka yakawa ya kijani kama makamasi ya mtoto mgonjwa. Kazi ya kuyatia mafuta hayo ilikuwa yangu.

Mwenye mashine alikuwa baba yangu mdogo. Alikaa miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge, akarudi na baiskeli, koti zito na maneno mengi. Injini aliinunua kuukuu kwa mlowezi aliyekuwa akihama, akaijengea banda upande wetu wa Mungaa, chini ya majabali. Ilikuwa injini ndogo ya petroli, ya silinda moja, yenye gurudumu zito ubavuni na hendeli ya kuzungushia kwa mkono. Mkanda wa ngozi uliiunganisha na mawe ya kusagia. Kabla ya hapo wanawake wetu walisaga kwa jiwe, wamepiga magoti tangu alfajiri, kwa hiyo furaha yao niliielewa na siidharau.

Wazee wakataka iombewe. Hilo nalo silidharau. Kwetu kitu kipya kikiingia nyumbani hupakwa mafuta, awe bibi harusi au ndama wa kununua. Kondoo akachinjwa, mafuta ya mkia yakayeyushwa, gurudumu likapakwa, maneno mema yakasemwa. Kama wangeishia hapo, nisingekuwa na la kuandika. Lakini mzee mmoja akauliza, mashine hii inasemea wapi? Baba mdogo akazungusha hendeli polepole, na kutoka kwenye kisanduku kidogo cha ubavuni ikasikika sauti: tak. Akazungusha tena: tak. Wazee wakatazamana. Basi mdomo ndio huo. Kifuniko cha kile kisanduku kilikuwa kimepotea kwa yule mlowezi, na palikuwa na tundu la kuingiza vidole viwili. Mzee akachovya kidole kwenye mafuta, akakitia tunduni, akaagiza kwamba mdomo ule ulishwe kila mwezi ukiandama, na alishe mtu wa damu ya mwenye mashine. Baba mdogo alikuwa na mabinti watupu, tena wadogo. Mtu wa damu nikawa mimi.

Nililisha. Kila mwezi kipande cha mafuta ukubwa wa yai, nasukuma kwa kidole mpaka kinazama. Unga uliokuwa ukiruka bandani ukaingia nao, ukachanganyika humo. Baada ya miezi michache ile tak ikaanza kukwama, kisha asubuhi ikawa haisikiki kabisa. Hakuna aliyeshtuka. Baba mdogo alisema imeshiba.

Ikaanza kupiga mateke. Mtu anazungusha hendeli kwa nguvu zake zote, na badala ya injini kushika, hendeli inarudi kinyume, ghafla, kwa nguvu kuliko zake. Mmoja ilimng'oa kucha. Mwingine ilimpiga kwenye taya, akanywa uji mwezi mzima. Mchana, jua likishakuwa kali, iliwaka bila ugomvi. Asubuhi, hasa wakati wa kipupwe, upepo unapotoka huko juu na watu wanajifunika blanketi mpaka masikioni, ilikuwa haikaribiki. Watu wakasema ina tabia za mke mdogo, haiamki mapema.

Kinachonichukiza ni kwamba mateke yale yakageuzwa mchezo. Baba mdogo aliweka desturi: atakayeiwasha asubuhi anasaga wa kwanza, hata kama kuna wanawake hamsini waliotangulia na vikapu vyao. Hivyo wanaume, ambao hapo zamani hawakuijua njia ya kwenda kusaga, wakaanza kuja. Wanatema mate viganjani, wanakaza misuli, wanajaribu. Ikimpiga mtu, banda zima linacheka, na anayeshika mkono wake kwa maumivu anacheka pia, maana asipocheka ataitwa mwanamke. Wanawake wenyewe walikaa chini na vikapu, watoto mgongoni, wakisubiri mashujaa wachoke. Nilikuwa nawaona usoni. Hawakucheka.

Siku moja lori la mafundi wa barabara za Serikali lilisimama kwetu, likiwa na magunia ya uwele wa posho ya vibarua. Pamoja na dereva alishuka fundi, Mnyamwezi mfupi aliyewahi kutengeneza magari jeshini. Ilikuwa asubuhi. Akatazama wanaume wawili wakipigwa teke, hakucheka. Akasogea, akazungusha hendeli polepole kama anavyofanya mtu anayesikiliza mapigo ya moyo, akainua kichwa akaniuliza mbona haina sauti. Nikamwambia imeshiba. Halafu akaingiza kidole tunduni, akatoa donge la ule uchafu, akanusa, akatema mate.

"Nani ameilisha ugali hii?" akauliza.

Alifungua kisanduku, akakiosha kwa petroli ndani ya sufuria, na alipokuwa akiosha alinieleza. Mpaka leo naweza kurudia maneno yake. Kisanduku kile mafundi wanakiita magneto, na kazi yake ni kutoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya silinda. Injini ikiwa kwenye mwendo wa kasi, cheche inatakiwa itoke mapema kidogo, kabla pistoni haijafika juu, maana moto nao unahitaji muda wa kushika. Lakini unapozungusha kwa mkono, pistoni inakwenda pole. Cheche ikitoka mapema vile vile, moto unaikuta pistoni bado inapanda, unairudisha chini ilikotoka, na hendeli inarudi na mkono wako. Ndiyo maana aliyeunda mashine akaweka kijino cha chuma. Wakati wa kuwasha, kijino kinaanguka kwa uzito wake na kuizuia magneto, springi inajikaza, na pistoni ikishafika juu kinaachia. Magneto inaruka, tak, na cheche inatoka kwa nguvu, kwa wakati wake. Injini ikishakimbia, kasi inakirusha kijino pembeni na hakina kazi tena. Yote hayo aliyaita taimingi.

"Kijino chenu hakianguki," alisema. "Kimeganda kwenye mafuta. Mchana yanayeyuka, ndiyo maana inakubali."

Akaniongezea moja zaidi. Unaposhika hendeli usiizungushie kidole gumba. Kiweke upande mmoja na vidole vingine, ili ikirudi ichomoke mkononi. Na uvute kwenda juu, usiisukume chini. Kisha akamwita mwanamke wa kwanza kwenye foleni, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, akamwonyesha. Yule mama akavuta mara moja. Tak, na mashine ikawaka. Mtoto hata hakuamka.

Kwa siku nane au tisa hivi banda letu lilikuwa mahali pa watu wenye akili. Anayefika wa kwanza anawasha, anasaga, anakwenda zake. Wanaume wakaacha kuja, hawakuwa na cha kuonyesha. Baba mdogo akanuna. Alizoea kukaa kwenye kiti chake cha kukunja akiangalia vijana wa watu wakigaragazwa na mali yake, na sasa kila mwenye kikapu aliichezea kama kinu. Mwezi ulipoandama wazee wakapita, wakauliza kama mdomo umelishwa. Baba mdogo akanigeukia mbele yao akaniambia niache mambo ya watu wa barabara, nifanye nilichoagizwa.

Ningeweza kusema nililazimishwa. Watu wengi wa umri wangu hujificha hapo: zamani kulikuwa na heshima, mkubwa akisema umemaliza. Ni uongo, na unanitia kinyaa hata nikiusikia kwa mwingine. Nililisha kwa haraka, kwa sababu mimi pia nilikuwa nimenuna. Kabla ya fundi, mimi ndiye niliyekuwa mtu wa mashine. Baada ya fundi, nilikuwa kijana anayefagia unga. Na sasa nilikuwa na kitu ambacho sikuwa nacho mwanzo. Nilijua sababu.

Kijino kilipoganda tena na wanaume wakarudi, nikatunga ujanja wangu. Asubuhi nilichemsha maji ya chai nyuma ya banda. Nawaacha wanaume wajaribu, wawili, watatu, wapigwe au washindwe. Baba mdogo akishatosheka, ananiita. Nakuja polepole na kitambaa nilichokichovya kwenye maji ya moto, nakizungushia kile kisanduku, nakisugua na kukisemesha kama ng'ombe anayegoma kukamuliwa. Mafuta ndani yanalainika. Nikisikia kijino kimeanguka navuta mara moja, kidole gumba kikiwa upande wake, na mashine inawaka. Wanashangilia. Walisema nina mkono. Wazee walisema ni kwa sababu mimi ndiye niliyeilisha, kwa hiyo inanitambua. Wasichana waliniangalia. Nilijaa kiburi, mjinga mimi, kwa kazi ambayo mama mwenye mtoto mgongoni aliifanya bila kitambaa.

Dada yangu aliolewa kijiji cha jirani na mchimba visima. Kwenye nchi yetu, ambako mwezi wa kumi ng'ombe wanalamba mchanga, mchimba visima ni mtu. Shemeji yangu aliitwa huku na huko. Alijua kusoma ardhi, alijua kuchimba kwa sururu akiwa amejikunja ndani ya shimo ambalo hata mbuzi hawezi kugeuka. Alikuwa mpole, asiye na maneno. Ng'ombe za mahari alizilipa zote kabla ya harusi, jambo ambalo kwetu hata mtemi hafanyi. Nilimpenda. Naandika hivyo ili ijulikane kwamba sikuwa na chuki naye hata chembe.

Kipupwe kile mama yake alifariki. Shemeji akachimba kaburi mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Kesho yake asubuhi akaja bandani na gunia la mtama begani, maana waombolezaji walikuwa wamejaa kwake na unga umekwisha. Aliwaamkia wazee waliokuwepo, shikamoo kwa kila mmoja, akaniuliza kama naweza kumsagia upesi. Nikamwambia anajua desturi. Baba mdogo kwenye kiti chake akasema naam, mchimba visima, tuone mikono hiyo.

Ningeweza kumwambia asubiri kidogo. Maji yalikuwa tayari yanachemka nyuma ya banda. Ningeweza kumwambia aweke kidole gumba upande. Watu walikuwa wengi siku ile, na nilitaka ashindwe kwanza, kisha nije mimi. Niliwaza kwamba itamgomea tu, kama ilivyowagomea wengi, na nitamwashia shemeji yangu mbele ya wote, na itakuwa heshima kwa dada. Hayo ndiyo niliyoyawaza.

Akashika hendeli kama anavyoshika sururu, kidole gumba kimefunga kabisa, akaisukuma kwenda chini kwa uzito wa mwili wake. Mashine ilikohoa mara moja. Nilisikia mfupa kabla sijaona kitu. Hendeli ilirudi na mkono wa kulia wote, na alipoanguka ule mkono ulikuwa umekunjwa mahali pasipo na kiungo. Wachache walianza kucheka kwa mazoea, wakanyamaza.

Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye unga, akaniomba nimfungie gunia lake asije akapoteza mtama.

Mganga wa mifupa alimfunga kwa vijiti na magome. Zahanati ilikuwa mwendo wa siku mbili, na msiba haukuachika. Mkono ulipona umepinda, vidole viwili havikurudi kufanya kazi. Hakushika sururu tena maishani. Dada yangu akaanza kulima peke yake, na watoto watatu.

Kama mambo yangeishia kwenye mfupa, labda ningekuwa nimekwisha kusahau. Lakini watu hawawezi kuacha jambo bila mwenye kosa. Wiki ya pili wazee wakakaa. Baba mdogo alikuwa na hofu kwamba ataambiwa mashine yake ni mbaya, akazungumza kwanza, na akazungumza vizuri, hilo lazima nikiri. Alisema mashine haijawahi kuvunja mtu mfupa. Imeshapiga, imeshachezea watu, lakini kuvunja hapana. Basi huyu alikuja na nini? Halafu mzee mmoja akasema kile ambacho wote walikuwa wamekwisha kukifikia: alikuja na mkono uliochimba kaburi jana yake, kabla ya kuoshwa uchafu wa msiba, akaishika nao mashine iliyopakwa mafuta. Wakaguna kukubali. Nilikuwa nimekaa mlangoni. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa ndani ya nguo ile, nikasikiliza na kutikisa kichwa pamoja nao.

Lililoniumiza zaidi ni kwamba shemeji alikubali. Niliona uso wake. Mpaka saa ile alikuwa mtu aliyepatwa na ajali; walipomaliza kusema alikuwa mtu aliyefanya kosa, tena kwenye msiba wa mama yake mwenyewe. Aliinamisha kichwa, akasema kwamba alisahau, kwamba haraka ya wageni ilimpoteza akili. Wakampangia kondoo wa kuisafisha mashine.

Alimleta mwenyewe, akimvuta kwa mkono wa kushoto. Alikuwa kondoo mnene, mwenye mkia mzito, na nyumbani kwao hawakuwa na mwingine wa namna ile. Akachinjwa mbele ya banda. Mafuta yakayeyushwa, yakawekwa kwenye kibuyu, na kibuyu nikakabidhiwa mimi, mtu wa damu, mwenye mkono. Watu wote wakasimama. Nikainama kwenye tundu. Ndani niliyaona ya zamani, ya kijani, yamejishikiza kwenye kile kijino, na nzi wawili wamezama humo. Nikasita. Hapo nilikuwa bado naweza kusema. Maneno yalikuwa machache tu: si mkono wake, ni haya mafuta, na ninayatia mimi.

Shemeji alikuja akasimama karibu yangu, mkono umefungwa kifuani.

"Shemeji, paka vizuri, mpaka ndani," aliniambia kwa sauti ya chini. "Isije ikamvunja na mwingine."

Nikapaka mpaka ndani.

Jioni ile, watu walipokwenda kula nyama, nilibaki bandani nikakifungua kile kisanduku na kukiosha kwa petroli kama fundi alivyonionyesha. Nilitoa uchafu wa kujaza kibakuli. Kijino kikawa kinaanguka chenyewe. Toka siku ile kila mwezi nilipaka mafuta nje tu, kwenye bati, ambako wazee wangeyaona yanang'aa. Nilidhani nimetengeneza. Hesabu yangu mbaya ilijulikana kesho yake asubuhi, baridi kali, mwanamke wa kwanza alipovuta hendeli na mashine ikawaka hapo hapo, tak. Banda lote likapiga vigelegele. Kondoo amekubaliwa. Basi na kosa likawa limethibitishwa, maana dawa imeponya. Hakukuwa na mtu tena wa kutilia shaka kwamba mkono wa mchimba visima ndio ulioikera mashine. Nilikuwa nimemfunga kwa kamba niliyodhani namfungulia.

Njia ya mwongo ni fupi, husema waungwana. Ya kwangu ilikwenda miaka. Mashine ilikufa kwa kutu, baba mdogo akafa, wazee wale wakafa mmoja mmoja, na mimi nikawa mtu wa kuamkiwa. Mwisho nikaenda kwa dada, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, nikiwa nimejiapiza. Nikamweleza shemeji kila kitu, mke wake akiwa anasikia: mafuta, kijino, kitambaa cha maji ya moto, kidole gumba. Sikuacha hata ile sababu ya kutaka kusifiwa. Nilizungumza kwa muda mrefu, naye alinisikiliza, mkono uliopinda umelala juu ya goti.

Nilipomaliza, alitabasamu. Akamgeukia dada yangu.

"Unamsikia ndugu yako? Miaka yote hii anatafuta namna ya kunibebea kosa langu. Huyu ana moyo."

Nilibisha. Nilirudia habari ya kijino tangu mwanzo. Akacheka taratibu, akaniambia niache, yalishakwisha, kondoo alipokelewa na kila mtu aliona. Kisha akamwambia dada aniletee maziwa ya mgando, yale ya kibuyu kikubwa cha wageni. Nikayanywa yote mpaka chini, kwa sababu kukataa maziwa nyumbani kwa dada ni tusi.